Jumuiya za heshima katika vyuo vya Marekani: ni nani anayekuheshimu, na kwa kipimo gani?

Mwanafunzi aliyetoka Mwanza, Mombasa au Bukavu kwenda kusoma sosholojia au uchumi katika chuo cha Marekani, akifika mwaka wa pili au wa tatu na matokeo yake yakiwa mazuri, huenda akapokea barua inayomweleza kwamba amechaguliwa kujiunga na jumuiya ya heshima yenye jina la herufi tatu za Kigiriki, kwamba itafanyika hafla ya kuwapokea wanachama wapya, na kwamba kuna ada ya kulipa. Akiwasimulia watu wa nyumbani, wapo watakaouliza kama hao si matapeli, na wapo watakaouliza, kwa sauti ya chini, kama hao si Frimasoni. Maswali yote mawili yana sababu, na la pili lina hata historia yake, kama tutakavyoona. Ugumu ni kwamba jina hilo moja la jumuiya ya heshima limefunika vitu vya aina tofauti kabisa, na jina zuri au karatasi nzito ya barua havimsaidii mtu kuvitenganisha. Linalosaidia ni kuuliza nani aliyepima kazi ya mwanafunzi: walimu wa idara yake, au ofisi ya mbali ambayo haijapata kuona hata karatasi moja ya mtihani wake.

Kwanza, kwa nini zipo huko na kwetu hazijulikani? Aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere hahitaji jumuiya ya kuutangazia ulimwengu kwamba alifaulu vizuri, kwa sababu shahada yenyewe imekwisha kusema. Vyuo hivi vilikulia chini ya mfumo wa Uingereza. Kile cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na madaraja ya shahada, yaani daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini na kufaulu tu, yalirithiwa pamoja na majoho. Mwajiri akisoma "daraja la kwanza" ameshaelewa. Shahada ya Marekani kwa kawaida haina madaraja hayo. Vyuo vingi huongeza maneno ya Kilatini ya kumsifu mhitimu, lakini kila chuo hujiwekea kiwango chake, na katika nchi yenye maelfu ya vyuo, alama A ya chuo kimoja si lazima iwe na uzito wa A ya chuo kingine. Jumuiya yenye matawi nchi nzima na masharti yanayofanana kwa kila tawi huziba sehemu ya pengo hilo. Nasema sehemu, kwa sababu haiwezi kulinganisha ugumu wa mitihani ya vyuo viwili. Inachoweza kusema ni kwamba huyu alikuwa miongoni mwa wa mbele pale alipokuwa.

Ya kwanza katika ukoo huu ni Phi Beta Kappa, iliyoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi watano wa chuo cha William & Mary katika mji wa Williamsburg, Virginia, miezi mitano baada ya Azimio la Uhuru la Marekani. Haikuwa na habari ya wastani wa alama. Ilikuwa klabu ya vijana waliotaka kujadiliana mambo bila mwalimu kuwasimamia, nao walijiwekea kiapo, namna ya siri ya kupeana mikono, nishani na kauli mbiu ya Kigiriki ambayo herufi za mwanzo za maneno yake ndizo zilizokuwa jina. Kabla vita havijakifunga chuo chao mwaka 1781, walikuwa wamekwisha kutoa hati za kuanzisha matawi Yale na Harvard, na hati hizo ndizo zilizoiokoa jumuiya isife na tawi mama.

Hapo ndipo shaka ya Frimasoni inapopata mizizi yake. Mwaka 1826, katika jimbo la New York, alitoweka mtu aitwaye William Morgan aliyekuwa ametishia kuchapisha siri za Frimasoni, na hasira ya umma iliyofuata ikawa kubwa kiasi cha kuzaa chama cha siasa cha kuwapinga. Kila kikundi chenye kiapo kilitazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1831 tawi la Harvard liliamua kuondoa usiri, na tangu hapo Phi Beta Kappa imekuwa jumuiya ya wazi ambayo majina ya wanachama wake hutangazwa. Kwa hiyo mzazi anayeona mishumaa, maneno ya ahadi na herufi za ajabu katika picha za hafla haoni ndoto. Anaona mabaki ya desturi za karne ya 18 ambazo maana yake ya siri ilikwisha takriban miaka 200 iliyopita. Katika jumuiya za heshima za leo ukumbi huwa wazi kwa jamaa na marafiki, mkuu wa idara husoma majina, mwalimu mmoja hutoa hotuba ambayo mara nyingi huwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kisha watu hula keki.

Muda mrefu Phi Beta Kappa ilibaki ya wale waliosoma lugha za kale, falsafa na sayansi kwa mtindo wa vyuo vya zamani. Wahandisi walipoona mlango haufunguki wakaanzisha Tau Beta Pi mwaka 1885, na mwaka uliofuata ikazaliwa Sigma Xi ya watafiti wa sayansi katika chuo cha Cornell. Sayansi za jamii zilichelewa kwa sababu zenyewe zilikuwa bado changa. Idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Chicago ilifunguliwa mwaka 1892. Chama cha wanauchumi wa Marekani kilikuwa cha mwaka 1885, cha wanasayansi wa siasa cha 1903, cha wanasosholojia cha 1905. Fani inayopigania kutambuliwa huanza na chama cha maprofesa, hufuata jarida, na wanafunzi wakishakuwa wengi hufuata jumuiya ya kuwatunuku walio bora. Ndiyo maana jumuiya za fani hizi zimesongamana katika kipindi kifupi: wanauchumi walianza mwaka 1915 na Omicron Delta Gamma, ambayo mwaka 1963 iliungana na nyingine ikawa Omicron Delta Epsilon, Alpha Kappa Delta ya sosholojia, aliyoianzisha Emory Bogardus katika chuo cha University of Southern California, na Pi Sigma Alpha ya sayansi ya siasa, iliyoanzia Texas, zote ni za mwaka 1920, Phi Alpha Theta ya historia ni ya 1921, na Psi Chi ya saikolojia ni ya 1929. Anthropolojia ilingoja hadi mwaka 1968 ndipo ikapata Lambda Alpha.

Katikati ya msongamano huo, mwaka 1924, ikatokea Pi Gamma Mu, na hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi kwa sababu si ya fani moja. Ilianzia Southwestern College, chuo kidogo katika mji wa Winfield, Kansas, kwa juhudi za mkuu wake wa masomo, Leroy Allen. Wazo lake lilikuwa kwamba matatizo ya jamii hayatazami mipaka ya idara: umaskini una uchumi ndani yake, una historia, una siasa na una saikolojia, na mwanafunzi anayeuchunguza kwa jicho moja tu ataona nusu. Kwa hiyo jumuiya hii hupokea wanafunzi wa sayansi za jamii zote kwa pamoja, wakiwemo wa historia, jiografia, uhusiano wa kimataifa, ustawi wa jamii na masomo ya sheria na haki. Imevuka mipaka ya Marekani pia, hasa kwenda Ufilipino, ambako ina matawi. Kwa maoni yangu wazo la Allen limezeeka vizuri kuliko yale ya wenzake waliojifungia katika fani moja, ingawa ni kweli kwamba mwanafunzi wa saikolojia anayetaka kuendelea na uzamivu atafaidika zaidi na Psi Chi, ambako maprofesa watakaosoma maombi yake wenyewe walipita.

Sasa masharti, maana hapa ndipo barua nyingi husomwa vibaya. Pi Gamma Mu hutaka mwanafunzi awe angalau mwaka wa tatu, au awe wa uzamili au uzamivu. Awe amemaliza krediti 20, yaani vizio vya kupima uzito wa kozi, za masomo ya sayansi za jamii. Wastani wake usipungue B, yaani 3.0 katika kipimo cha 4.0, na awe ndani ya asilimia 35 ya juu ya darasa lake. Psi Chi hutaka mihula mitatu ya chuo, krediti 9 za saikolojia, wastani wa 3.0 na asilimia ileile 35. Phi Alpha Theta hutaka krediti 12 za historia zenye wastani wa angalau 3.1. Pi Sigma Alpha huridhika na krediti 10 za sayansi ya siasa, moja ya kozi ikiwa ya ngazi ya juu, lakini humtaka mtu awe katika theluthi ya juu ya darasa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa saikolojia amemaliza mihula mitatu. Kozi ya kawaida ina krediti 3, naye amesoma kozi tatu za saikolojia, hivyo ana krediti 9 kamili na Psi Chi imemfungukia akiwa bado mwaka wa pili. Akisoma na uchumi, historia na siasa, krediti hizo zote zitahesabiwa kwa Pi Gamma Mu, ila kozi sita ni krediti 18 tu. Anahitaji ya saba, na anahitaji kufika mwaka wa tatu. Mpaka hapo ni hesabu nyepesi. Kikwazo halisi ni ile asilimia 35. Katika darasa la watu 200, nafasi zipo 70. Ikiwa chuo hicho hutoa A kwa ukarimu na mtu wa 70 ana wastani wa 3.6, basi mwenye 3.2 hataitwa hata kama karatasi ya masharti inasema 3.0. Wengi huona 3.0 imeandikwa kwanza wakadhani ndiyo kizingiti, kumbe kizingiti kimeandikwa mstari wa chini.

Hapa aliyetoka Tanzania anahitaji tahadhari ya ziada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia kipimo cha 5.0, ambapo 3.5 ni mwanzo wa daraja la pili la juu na la kwanza huanzia 4.4. Mdogo wake aliyebaki chuoni hapo, Mlimani, akisikia kaka ana 3.5 Marekani atampa pole, na hali huyo kaka amesimama mahali tofauti kabisa, kwani 3.5 kati ya 4.0 iko katikati ya A na B.

Phi Beta Kappa yenyewe haiombwi. Wanachama walio walimu wa chuo hukaa, hupitia rekodi za wanaokaribia kuhitimu, na kuchagua. Mwanafunzi husikia habari akiwa amekwisha kuchaguliwa. Takriban kimoja kati ya vyuo kumi vya Marekani ndicho chenye tawi, na katika vyuo hivyo huchaguliwa kama mmoja kati ya kumi ya wahitimu wa fani za sanaa na sayansi. Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kuwamo humo, katika Alpha Kappa Delta na katika Pi Gamma Mu kwa wakati mmoja, na hakuna anayemzuia.

Haya yote yalikuwa na upande wa giza ambao maelezo ya sherehe huuruka. Kipimo kinasema "wa mbele katika darasa", lakini kabla ya darasa kulikuwa na swali la chuo gani kinastahili kupewa tawi. Wanawake walianza kupokelewa Phi Beta Kappa mwaka 1875, katika Chuo Kikuu cha Vermont. Vyuo vya Wamarekani weusi vilingoja hadi mwaka 1953, Fisk na Howard vilipopewa matawi kwa mara ya kwanza, yaani miaka 177 baada ya wale vijana watano wa Virginia. Vyuo hivyo havikukaa vikisubiri. Mwaka 1937 vilikuwa vimekwisha kuanzisha jumuiya yao, Alpha Kappa Mu, ya kuwatunuku wanafunzi wa fani zote. Sayansi za jamii, ambazo kazi yao ni kuchunguza jinsi watu wanavyogawa hadhi, zina mfano mzuri wa utafiti nyumbani kwao wenyewe.

Na kwa kuwa nimetaja Alpha Kappa Mu, tuondoe utata mmoja. Alpha Kappa Mu ni jumuiya ya heshima ya fani zote; Alpha Kappa Delta ni ya sosholojia; Alpha Kappa Alpha, iliyoanzishwa Howard mwaka 1908 na ambayo Kamala Harris ni mwanachama wake, si jumuiya ya heshima hata kidogo, bali ni chama cha udada, chenye shughuli za kijamii, za kujitolea na za kusaidiana maishani. Herufi za Kigiriki hazina mwenyewe. Zile habari za wanafunzi kunyanyaswa na kulazimishwa kunywa pombe wakati wa kujiunga, zinazofika mpaka kwetu kupitia mitandao, ni za vyama vya udugu na udada, na ni aina ya tatu ya hofu inayobebeshwa mlango usio wake.

Mwanachama hupata nini? Jibu la haraka ni cheti, pini, na kamba za rangi za kuvaa shingoni siku ya mahafali, na kwa wengine huishia hapo. Yenye uzito ni mengine. Jumuiya hizi huwa na majarida: Pi Gamma Mu huchapisha International Social Science Review, Phi Alpha Theta ina The Historian, Omicron Delta Epsilon ina The American Economist. Huwa na mikutano ambapo mwanafunzi wa shahada ya kwanza husimama kusoma utafiti wake mbele ya watu wasiomjua, na huwa na ufadhili wa masomo ya uzamili ambao wanachama pekee ndio wanaoweza kuuomba. Kwa raia wa Marekani kuna jambo jingine lisilojulikana sana: katika ajira za serikali kuu, mhitimu wa shahada ya kwanza kwa kawaida huanzia ngazi ya mshahara ya GS-5, lakini anaweza kuanzia GS-7 akithibitisha ufaulu wa hali ya juu, na mojawapo ya njia za kuthibitisha ni uanachama wa jumuiya ya heshima ya kitaifa inayotambuliwa na chama kiitwacho Association of College Honor Societies. Jumuiya za wanafunzi wa mwaka wa kwanza hazihesabiwi. Watoto wa familia zetu waliozaliwa au kupewa uraia huko wanapaswa kulijua hili.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1925, wakati jumuiya zilipokuwa zikiota kila mahali na vyuo vikashindwa kujua ipi ni ipi. Kiliweka viwango: jumuiya za fani maalumu zisishuke chini ya asilimia 35 ya juu, na za fani zote ziwe kali zaidi, asilimia 20. Hata hivyo kutokuwamo ndani yake si ushahidi wa utapeli, kwa kuwa Phi Beta Kappa, iliyokuwa miongoni mwa waasisi, leo haimo. Orodha hiyo ni mahali pa kuanzia tu.

Basi barua za mashaka hutoka wapi? Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya wanafunzi, ijulikanayo kama FERPA, huficha alama, lakini hukiruhusu chuo kutoa taarifa za msingi kama jina, anwani, fani, mwaka wa masomo na hata tuzo alizopata mwanafunzi, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe awe ameandika kuzuia. Ofisi yoyote inaweza kuomba orodha hiyo na kuwaandikia maelfu ya watu kwamba wameteuliwa. Si lazima iwe inavunja sheria. Cheti itatoa, na ada itapokea. Ila hakuna mwalimu aliyekaa kikao.

Njia ya kupima ni kwenda kuuliza idarani. Jumuiya ya kweli ina tawi lililoidhinishwa na chuo, lina mwalimu mlezi mwenye ofisi na jina mlangoni, na katibu wa idara anajua hafla itakuwa lini. Masharti yake yameandikwa kwa nambari, si kwa maneno kama "vipaji vya uongozi". Viongozi wake wa kitaifa huchaguliwa na wanachama. Katika nyingi ada hulipwa mara moja na uanachama huwa wa maisha. Ukiona ngazi za dhahabu na platinamu, au muda wa mwisho unaosogezwa mbele kila wiki, unazungumza na mfanyabiashara. Kudai ada peke yake si dosari, kwani pini na jarida vina gharama, na matawi mengine huwalipia wasio na uwezo wakiomba mapema kwa mwalimu mlezi.

Anayerudi kutafuta kazi Afrika Mashariki asitegemee kwamba herufi zitajieleza. Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania inapotambua shahada ya nje huangalia chuo na shahada yenyewe, na ofisa wa rasilimali watu wa Dodoma au Kisumu hana sababu ya kujua Pi Sigma Alpha ni nini. Katika wasifu wa kazi unatosha mstari mmoja wenye jina la jumuiya, fani yake, mwaka, na sharti la kuingia: "waliochaguliwa walikuwa katika theluthi ya juu ya darasa". Maneno hayo ya mwisho ndiyo atakayoyaelewa, maana yanafanya kazi ileile ya daraja la shahada.

Asiyetaka au asiyeweza kulipa ana haki ya kukataa, na rekodi yake ya alama haitaguswa. Pi Gamma Mu na jumuiya nyingine kadhaa hupokea pia wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo aliyekosa au aliyekataa akiwa mwaka wa tatu anaweza kuitwa tena akiendelea na masomo, safari hiyo kwa alama zake za uzamili.